Kwa Mtani, Ipogolo

Lusia mwanangu,

Salamu zote za barua zijaze mwenyewe, unazijua. Mimi mzima, bibi yako mzima, jogoo mzima. Habari ya jogoo itafuata.

Leo nimefunga hoteli saa tisa mchana. Wale madereva wa malori ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni wamekuta mlango umerudishwa wakanigongea: "Mama Lusia, kwani kuna msiba?" Nikawaambia hakuna msiba, mtoto anasafiri kesho. Mmoja akasema, "Sasa mtoto anasafiri kesho, njaa yetu ya leo imekosa nini?" Siku nyingine ningemjibu akajuta kuzaliwa. Leo nimemfungia maandazi yaliyobaki nikamwomba aende, maana maharage nilikuwa nimeshayaunguza, na mimi siunguzi maharage.

Wewe umekwenda Tosamaganga kumuaga bibi, na ninamjua mama yangu, hatakuachia mpaka umekula mara mbili na kubebeshwa mahindi. Kwa hiyo nina muda kabla jua halijazama. Ukiona herufi zinapanda na kushuka usidhani ni uzee. Ni wasiwasi wa tangu asubuhi. Nimefunga begi lako mara tatu, nikalifungua mara tatu, na kila mara nilikuta kila kitu kimo.

Sitakuandikia habari za sweta. Sitakuandikia ufunge mlango, usimwamini mwenye nyumba, usinywe maji usiyoyachemsha. Umekulia jikoni kwangu, hayo unayajua kuliko mimi. Ninaandika kujibu swali uliloniuliza mara tatu mwezi huu, na mara zote tatu nikajifanya nasikia maji yanachemka.

"Mama, fundi wa kibao cha hoteli yangu ananisubiri Jumatatu. Niandike Kwa Mtani, au nisiandike?"

Mara ya tatu ulikasirika. Ulisema, "Jina tu, Mama. Sijaomba sufuria, sijaomba benchi. Hata jina unaninyima?" Ukachukua ndoo ukatoka, na kwa siku mbili ukawa unanijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Nilistahili. Lakini mwanangu, sikunyimi. Ningekupa hata macho yangu. Jina lile si langu kukupa, na sasa nitakueleza ni la nani na lilifikaje juu ya mlango wetu, maana kesho unakwenda kuishi Mbeya, mji ule ule anaoishi mwenyewe, na afadhali uyasikie kwangu.

Najua hadithi unayowaambia wateja. Nimekusikia mara nyingi nikiwa jikoni, ukiwa umeshika sinia, unasema: "Mama alikuwa na rafiki yake Mngoni, walianza hoteli pamoja, wakapendana sana, rafiki akahamia Mbeya, basi Mama akaweka jina kumkumbuka." Watu wanasema jina zuri. Mngoni akipita barabarani anaona kibao, anasimama, anaingia anatutukana, anakula sahani mbili. Wanyakyusa wanaingia na watani wao, Wabena na wa kwao. Hakuna hoteli Ipogolo nzima ambayo watu wanatukanana kwa raha kama kwetu. Jina lile ndilo lililokusomesha. Na hadithi yako hiyo haina uongo hata neno moja, ila imekatwa katikati. Mimi ndiye niliyeikata, wewe ukiwa na miaka sita, na sijawahi kukuambia kilichobaki.

Alikuwa anaitwa Skolastika. Sisi tulimwita Skola, wewe ulimwita mamdogo. Alitoka Songea amemfuata mumewe aliyekuwa kibarua wa barabara. Barabara ilipokwisha na mume naye akaisha, akaondoka na mwanamke wa Makambako, akamwachia Skola sufuria moja kubwa na chumba kisicholipiwa. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwa na kibanda cha mabanzi pale pale ilipo hoteli leo, nauza chai na ugali kwa mafundi wa gereji, na baba yako akiwa mmoja wao.

Siku ya kwanza aliingia, akala, akasukuma sahani.

"Huu ugali kapika Mhehe," akasema kwa sauti mafundi wote wasikie. "Nimejua. Umelegea. Ndiyo maana babu zangu waliwakimbiza nyinyi mpaka mlimani."

"Babu zako hawakukimbiza mtu," nikamwambia. "Walikuwa wanakimbiza panya wa kula."

Mafundi walicheka mpaka chai ikamwagika. Kesho yake alikuja na sufuria lake kichwani, akaingia jikoni kwangu bila kuuliza, akachukua mwiko mkononi mwangu, akakoroga. Hivyo ndivyo tulivyoanza biashara. Hatukuandikishana popote. Wangoni na sisi ni watani, hilo hujafundishwa na mtu, umelikuta tu: mababu walipigana, sisi tukarithi matusi badala ya mikuki. Kwa miaka minane sikumbuki Skola ameniamkia kistaarabu hata siku moja. Akinikuta asubuhi anasema, "Mla mbwa, umeamka? Nilidhani leo tunazika." Nami ninamjibu, tunawasha moto, siku inaanza.

Na baba yako. Wale wawili ndio walikuwa balaa. Baba yako akiingia tu mlangoni, na lile koti lake jeusi la mvua, Skola anamuuliza, "Wewe bado upo? Koti hilo nimeshalipima, linanitosha." Baba yako anasema, "Siku nikifa lichukue. Ila ulifue, lisinuke panya." Niliisikia ahadi hiyo si mara moja. Nataka uikumbuke unaposoma mbele.

Halafu baba yako akaanza kukohoa. Wewe unakumbuka kikohozi kile kidogo, nadhani, maana ulikuwa unakiigiza ukicheza. Kilimkalia mwaka mzima. Miezi ya mwisho alikuwa halali chali wala ubavu, amekaa tu kitandani kaegemea ukuta. Nilimpikia uji, nilimgeuza, nilimwosha, nilisali rozari mpaka vidole vikaota sugu. Skola alikuwa anaingia jioni baada ya kufunga, anakaa mwisho wa kitanda, anamwambia, "Mhehe, unachelewesha watu. Ng'ombe wa msiba anazeeka." Na baba yako anacheka. Anacheka mpaka anakohoa, anakohoa mpaka ninashika kifua chake kwa mikono miwili.

Siku moja nikamfokea Skola: "Mwache mgonjwa apumzike!" Baba yako akanishika mkono. Akasema, "Mwache. Wewe unanitazama kama nimeshakufa. Huyu peke yake ndiye bado ananiona mzima."

Alisema kwa upole. Hakukusudia kuniumiza. Lakini Lusia, neno lile lilinibaki. Mimi ndiye niliyekuwa nakesha, na aliyekuwa anamchekesha ni mwingine. Sikuwadhania vibaya, usinielewe hivyo, hapakuwa na jambo kati yao. Ilikuwa wivu wa kicheko tu. Nimeishi nikagundua kwamba wivu wa namna hiyo ndio mbaya zaidi, maana huna hata la kumshitaki mtu, unabaki nao tu mpaka siku upate nafasi.

Nafasi niliipata msibani.

Baba yako alifariki alfajiri. Mchana ule ule ndugu zake waliokuwa Dar es Salaam wakaanza kusafiri, kesho yake asubuhi wakafika, baba zako wawili na wake zao. Watu wa ofisi. Wale mama zako walikaa kwenye viti, miguu pamoja, wanatazama nyumba yetu ya tofali mbichi, na mimi nimekaa chini kwenye mkeka najiona navyotazamwa. Nilikuwa na kitenge kimoja kilichopauka. Nilitaka sana, mwanangu, siku ile, nionekane mtu. Mume amelala ndani hajazikwa na mimi ninawaza nionekane mtu.

Ndipo Skola akatokea. Unajua mtani msibani ana haki ambazo ndugu hana. Atavaa nguo ya marehemu, ataigiza mwendo wake, atachukua chombo akifiche mpaka apewe kitu cha kukikomboa. Hafanyi kwa furaha. Anafanya ili wafiwa wacheke, maana aliyecheka anaweza kumeza tonge, na aliyemeza tonge ndiye mwenye nguvu ya kuzika. Skola aliingia chumbani kwetu, akatoka amevaa koti la baba yako. Akatembea kama yeye, bega moja juu. Akafika jikoni nje, walipokuwa wamama wanataka kukoroga ugali wa watu wote wale, akashika mwiko wetu, ule mrefu wa mninga alionichongea babu yako, wenye mpini ulioungua ncha. Akakaa kwenye jiwe. Akakohoa.

Alikohoa kama yeye kabisa. Ule mlio wa mwisho, wa kama mtu anavuta gunia.

"Hapa hapakorogwi ugali," akasema kwa sauti ya baba yako, "mpaka mwiko ukombolewe! Nataka jogoo! Na mjane aniletee mwenyewe, kwa mikono yake. Mumewe alikuwa bahili, yeye asirithi!"

Wabibi wa Kihehe walicheka, machozi yanawatiririka. Bibi yako alicheka, yeye aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu jana yake. Na mimi, Lusia, nilisikia kicheko kinapanda. Kilifika hapa kooni. Nikaogopa. Niliogopa kwamba nikicheka nitalia, nikilia nitaanguka, na wale mama zako wa kwenye viti wananiangalia. Mmoja akamnong'oneza mwenzake nikasikia, "Huku msiba ndio wanauchezea hivi?" Baba yako mkubwa akainama, akaniuliza taratibu, kwa heshima zake zote, "Shemeji, huyu mwanamke unamfahamu?"

Nikasema, "Simfahamu. Kaingia ndani, kaiba koti la marehemu."

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka nikatembea hadi barabarani, nikarudi. Nimeisema mara moja tu maishani, na leo ndiyo mara ya kwanza kuiandika. Kila Ijumaa Kuu wakisoma Mateso kanisani, wakifika pale kwenye moto uani na mtume anaulizwa kama anamjua Bwana wake, mimi huwa natazama viatu vyangu mpaka wamalize.

Baba yako mkubwa aliwaita mgambo. Walikuja wawili. Na kilichonivunja, kinachonivunja mpaka leo, ni kwamba Skola alicheka. Alidhani tumemjibu. Alidhani Wahehe wametunga utani mkubwa kuliko wake. Alinyoosha mikono yote miwili wamfunge, bado amevaa koti, bado anakohoa, akapiga kelele, "Leo mmenipatia! Leo ndiyo nimekutana na watani!" Na watu wakapiga makofi. Wabibi wakasema, Mama Lusia mkali, hata kwenye msiba hakubali kushindwa. Alitangulia mbele ya wale mgambo akiwa anacheza. Akageuka kwenye kona kunitazama, kuona kama nacheka.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba si utani, na nilinyamaza.

Jioni alikuja mtu akasema Skola yuko mahabusu, amewekwa kweli, na anauliza, "Mama Lusia anajua niko hapa?" Nikajibu, "Mwambieni nina msiba." Akalala mahabusu siku mbili. Tukazika bila yeye. Ugali ulikorogwa na kipande cha mti, maana mwiko alikuwa ameshaurushia kwenye migomba kabla hajakamatwa, kama watani wanavyofanya, na hakuna aliyeuona. Ulitoka na mabonge. Sikuwahi kuona watu wanakula kimya namna ile.

Mwenyekiti wetu wa mtaa wa wakati ule, mzee wa watu, alinijia baada ya mazishi. Hakunifokea. Alisema, "Mama Lusia, umemfunga mtani. Tumezika mtu bila kucheka. Mimi sijawahi kuona." Akaenda mwenyewe kumtoa.

Siku ya tatu nilikuwa ndani ya hoteli, nimefunga, nachungulia kwenye nafasi ya mbao. Nilimwona anakuja na sufuria lake kichwani na kifurushi cha nguo. Koti walishamvua wakaniletea limekunjwa vizuri. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba, na yeye ana kitenge tu. Mkononi kashika mwiko. Alikuwa amekwenda kuutoa kwenye migomba. Akasimama mbele ya mlango. Nikajiandaa kutukanwa, nikatamani kutukanwa. Nilisema moyoni, akinitukana tu nitafungua.

Akasema, "Kwaheri, Mama Lusia. Poleni sana na msiba."

Basi. Kwa adabu, kama mtu aliyeshuka kwenye basi sasa hivi. Miaka minane hakuwahi kunipa pole ya kistaarabu, hata nilipoharibikiwa mimba ya kwanza alikuja akanitukana mpaka nikaamka kitandani. Akavuka barabara, akasimamisha basi la Mbeya.

Sikufungua. Hilo ndilo kosa langu kubwa, Lusia, kuliko hata lile la msibani. Lile lilitoka mdomoni na huzuni ndani yake, na kichwa hakikuwa changu. Hili la mlango nilikuwa na akili timamu. Nilikuwa na hatua nne tu za kutembea.

Baada ya arobaini nikampata fundi wa kuandika. Akaniuliza, "Tuandike nini, Mama?" Nikasema Kwa Mtani. Nilitaka siku akipita na basi aone. Mabasi yote ya Mbeya yanapita hapa, nikajiambia, siku moja atakwenda Dar, atachungulia dirishani. Ndiyo maana napanga meza za mbele mwenyewe kila asubuhi. Ndiyo maana ulikuwa unanicheka nikisimama mlangoni basi likipunguza mwendo. Ulikuwa unasema, "Mama anahesabu mabasi." Miaka kumi na saba, na sijui kama aliona na kupita, au hakuona.

Nilijaribu mara moja. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha tatu, nilisema nakwenda Mbeya kununua viazi? Nilirudi bila kiazi hata kimoja ukanicheka wiki nzima. Nilikuwa nimesikia kwa dereva mmoja kwamba kuna mama wa Kingoni anapikia wapakia viazi pale Uyole. Nilimkuta. Nilisimama ng'ambo ya barabara nyuma ya lori. Amenenepa kidogo, mvi zimemwingia mbele. Alikuwa anakoroga ugali, na mwiko ni ule ule, mpini umeungua ncha. Nikamwona kijana mmoja anakaa kwenye benchi lake, na nikasikia anavyojitapa, kwamba yeye Mhehe wa Kalenga, leo mama ampe mtani wake chakula bure. Nikashika moyo. Nilijua sasa ataoga matusi, na nikishasikia tu sauti ile nitavuka.

Skola akamwekea sahani. Akasema, "Karibu, kaka. Unatumia mboga gani?"

Yule kijana akainamia sahani, akala. Nami nikapanda basi la kurudi. Nilikuwa nimekwenda kumtafuta mtani wangu, nikakuta mwanamke mwenye adabu, na aliyemfanya hivyo ni mimi. Niliiba kitu nisichoweza kukirudisha kikiwa kimekunjwa, kama lile koti.

Sasa unaelewa kwa nini siku uliyoniambia umepata fremu ya hoteli nilikaa chini. Umetafuta Mwanjelwa, umetafuta Soweto, halafu ukaipata Uyole, kwenye malori. Si ajabu, mpishi wa barabarani hufuata malori. Ila kutoka mlango wako mpaka benchi lake hakuna hata mwendo wa kuchemsha chai. Ukining'iniza kibao cha Kwa Mtani pale, ataamka asubuhi akione. Na wewe utatoka kumsalimia kwa furaha zako, utamwambia hadithi ile iliyokatwa, wewe mwenye pua ya baba yako. Kila nikifumba macho naliona hilo. Hata leo kwenye maharage nilikuwa naliona.

Nilifikiria kukutuma. Nakiri. Nilifikiri, Lusia ni mdogo, hana kosa, akienda yeye mambo yatakuwa mepesi. Niliandika hata maneno ya kukupa. Halafu nikajisikia vile ninavyokuwa nikimwona mtu anamtuma mwanawe kuomba chumvi nyumba aliyokosana nayo. Mtu mzima kakaa ndani, mtoto ndiye anasimama mlangoni. Hapana. Hatua zile nne bado ni zangu, hata zikiwa ndefu kiasi cha kufika Mbeya.

Siku hizi mtu akija hotelini amevaa vizuri na mwingine amechakaa, na aliyechakaa ananijua, huwa namwita kwa jina, kwa sauti, kabla hajafika kwenye kiti. Umewahi kuniuliza kwa nini nafanya kelele hivyo. Ndiyo hiyo. Nina hofu na ukimya wangu. Wewe utakuwa na siku zako za kutaka kuonekana mtu, kila mmoja anazo, na siku hizo ndizo nazihofia juu yako kuliko wezi na baridi. Sina dawa ya kukupa. Nina hili tu nililoliandika.

Haya, jogoo. Yule mwekundu uliyemuuliza jana kwa nini nimemfunga mguu uani hali si wa sikukuu. Ndiye ukombozi. Aliudai mwenyewe, jogoo, na mjane amletee kwa mikono yake. Umechelewa miaka kumi na saba, lakini msiba ule kwangu haujaanuliwa. Kesho atakuwa kwenye kikapu chini ya basi, ukisikia kitu kinawika tutakapofika milima ya Makambako usishangae. Koti la baba yako, ambalo umewahi kulilia ulivae nikakukatalia, liko kwenye mfuko wangu. Nimelifua. Lilikuwa na mwenyewe tangu baba yako akiwa hai.

Ndiyo, nimeandika "tutakapofika". Nimekata tiketi mbili. Wewe unajua nakusindikiza stendi tu. Kiti chako kiko mbele dirishani kama unavyopenda, changu kiko nyuma kabisa. Barua hii nitakupa mkononi ukishakaa, kisha nitapita kwenda nyuma kabla hujauliza. Utakuwa na njia yote mpaka Mafinga ya kusoma. Pale basi likisimama, ukitaka kuja kukaa na mimi, nitasogea. Usipotaka, sitakuuliza, na Uyole nitashuka baada yako. Nimezoea kutazamwa na wengi lakini macho yako nayaogopa.

Kuhusu kibao, mwambie fundi asubiri. Mimi siendi kukuombea jina. Nakwenda kuomba langu kwanza, hili ambalo nimelikalia bila ruhusa. Likipatikana, la kwako utaliomba mwenyewe, na usiende mikono mitupu.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka, labda ni wewe unarudi na mahindi ya bibi. Naogopa, Lusia. Nimejifunza maneno ya kumwambia na yote yamekauka. Nitafika tu na jogoo nisimame. Akinitazama akasema, "Karibu, mama, shikamoo, habari za Iringa," nitaitikia, nitamwachia jogoo na koti, nitageuka, maana nitakuwa nimejua kwamba kwake mimi ni mgeni tu, kama yule kijana wa Kalenga. Sala za safari njema niachie mimi, nimekuombea wiki nzima. Wewe ukifika pale Uyole simama mlangoni kwako, tega sikio upande wa kwenye malori, na uniombee moja tu.

Niombee nitukanwe.

Mama yako